Malerkotla: kutoka milki ya nawabu hadi wilaya ya 23 ya Punjab

Siku ya Idi el Fitri, tarehe 14 Mei 2021, Amarinder Singh, wakati huo waziri kiongozi wa jimbo la Punjab nchini India, alitangaza kwamba Malerkotla itakuwa wilaya mpya, ya 23 katika jimbo hilo. Huu ni mji wa kipekee. Katika Punjab yote ya upande wa India, hapa ndipo Waislamu walipo wengi kuliko watu wa dini nyingine. Wakazi wake waliipokea habari hiyo kama mkono wa Idi, maana walikuwa wameililia wilaya kwa miaka. Haikupita siku mbili, Yogi Adityanath, waziri kiongozi wa Uttar Pradesh, akaandika kwamba kuwatenga watu kwa misingi ya imani ni kinyume na roho ya katiba ya India. Amarinder akamjibu kwa ukali kwamba Punjab haiijui na asiitie fitina.

Ubishi ule ulienea haraka kuliko maelezo. Wengi waliolisikia jina la Malerkotla kwa mara ya kwanza walibaki na swali moja: je, ni kweli serikali ilichora mpaka ili kuwapendelea Waislamu? Kulijibu kunahitaji kwanza kutenganisha mambo ambayo jina hili limeyabeba kwa pamoja. Malerkotla ni mji. Iliwahi pia kuwa milki yenye nawabu (yaani mtawala Mwislamu), jeshi na bendera yake. Baadaye ikawa sehemu ya wilaya ya watu wengine, na leo ni wilaya yenyewe. Tena ni jimbo la uchaguzi, na mipaka ya jimbo hilo hailingani na ya wilaya. Mtu akisema "Malerkotla ilifanya hivi", muulize ni ipi.

Hata mji wenyewe ulianza ukiwa miwili. Mwaka 1454, sheikh wa Kiafghani wa ukoo wa Sherwani, Sadruddin, aliyejulikana kwa jina la Haider Sheikh, alipewa eneo la vijiji na Bahlol Lodi, sultani wa Delhi, ambaye pia alimwoza binti yake. Makazi yaliyokua hapo yakaitwa Maler. Miaka mia mbili baadaye, katika zama za Wamughal, ukoo wa kifalme wa Kiislamu uliotawala sehemu kubwa ya India, mzao wake Bayazid Khan alijenga ngome jirani, na mji uliozunguka ngome ukaitwa Kotla. Miji hiyo miwili ilikua hadi ikagusana, na majina nayo yakaungana.

Sheikh huyo aliacha urithi wa aina mbili, na urithi huo ulipita katika mikono tofauti ya wazao wake. Tawi moja la ukoo lilishika utawala na ndilo lililozaa manawabu. Jingine lilishika dargah, yaani kaburi lake, na mpaka leo ndilo linaloihudumia na kupokea nadhiri za wanaozuru. Wanaozuru si Waislamu peke yao. Alhamisi, na hasa wakati wa sikukuu kubwa ya mwaka, wanamiminika Wahindu na Masingasinga kutoka vijiji vya mbali kuomba mtoto, mvua au afya. Nalitaja hili mapema kwa sababu bila dargah ile, ujirani wa Malerkotla hautaeleweka kwa kutazama siasa za wafalme tu.

Sasa tufike kwenye kisa ambacho kila mtoto wa Punjab hukisikia. Desemba 1705 (wengine huhesabu 1704), Guru Gobind Singh, guru, yaani kiongozi wa kiroho, wa kumi wa Masingasinga, alikuwa vitani na majeshi ya Wamughal. Wanawe wawili wadogo, Zorawar Singh na Fateh Singh, ambao hata miaka kumi hawajafika, walikamatwa pamoja na bibi yao na kupelekwa mji wa Sirhind mbele ya gavana wa Wamughal, Wazir Khan. Wakatakiwa kusilimu, wakakataa. Gavana akaamuru wajengewe ukuta wakiwa hai. Barazani alikuwapo Sher Muhammad Khan, nawabu wa Malerkotla. Yeye hakuwa rafiki wa Guru hata kidogo. Alikuwa upande wa Wamughal, na kwa mujibu wa masimulizi ndugu yake alikuwa ameuawa na Guru katika vita vya siku hizo hizo. Wazir Khan alimtaka achukue kisasi chake kwa watoto wale. Nawabu akakataa, akasema Uislamu hauruhusu kuua watoto kwa ugomvi wa baba yao, akapaza sauti ya kupinga na kutoka barazani. Watoto waliuawa vilevile.

Sauti ile Wapunjabi huiita haa da naara, ukelele wa haki. Inasimuliwa kwamba Guru alipopata habari aliuombea heri ukoo wa nawabu. Mwaka 1710 Banda Singh Bahadur, aliyeongoza jeshi la Masingasinga kulipiza, alimshinda na kumuua Wazir Khan katika vita vya Chappar Chiri na kuivunja Sirhind. Malerkotla aliiacha. Leo mjini humo lipo gurdwara, hekalu la Masingasinga, lililojengwa kwa kumbukumbu ya ukelele ule wa nawabu Mwislamu.

Kisa hiki kina nguvu, nami naamini kinastahili heshima yote kinachopewa. Lakini makala nyingi huishia hapo, kana kwamba baada ya 1705 kila jambo lilikwenda lenyewe kwa baraka. Haikuwa hivyo. Tarehe 5 Februari 1762 Ahmad Shah Durrani, mfalme wa Waafghani, aliuzingira msafara mkubwa wa Masingasinga karibu na kijiji cha Kup, kilomita chache tu kutoka Malerkotla, na kuua maelfu kwa maelfu, wengi wao wanawake, wazee na watoto. Mauaji hayo huitwa Vadda Ghallughara, maangamizi makubwa. Nawabu wa wakati huo, Bhikhan Khan, alikuwa upande wa Durrani. Mwishoni mwa karne hiyo ya 18 kiongozi wa kidini wa Masingasinga, Sahib Singh Bedi, aliishambulia milki kwa hasira ya kuchinjwa ng'ombe, na nawabu aliokolewa kwa msaada wa Patiala, milki jirani ya Masingasinga. Kumbuka jina la Patiala, litarudi.

Mwaka 1808 Ranjit Singh, maharaja wa Lahore aliyekuwa akiunganisha Punjab chini yake, alivuka mto Sutlej na kuidai Malerkotla fedha nyingi. Mwaka uliofuata Waingereza walitia saini naye mkataba wa Amritsar. Mkataba huo uliufanya mto Sutlej kuwa mpaka wa tamaa yake, na milki ndogo za kusini mwa mto, Malerkotla ikiwamo, zikaingia chini ya ulinzi wa Uingereza. Ulinzi maana yake nawabu alibaki na kiti chake, mahakama zake na kodi zake, lakini mambo ya nje na ya vita yakawa si yake tena. Kwenye daftari la Waingereza alistahili kupigiwa mizinga 11 ya heshima, daraja la chini kuliko maharaja wakubwa, na milki yake ilikuwa na maili za mraba 167 tu.

Jinsi ulinzi ule ulivyokuwa kwa vitendo ilionekana Januari 1872. Wakati huo nawabu Sikandar Ali Khan alikuwa amefariki na mji ukitawaliwa kwa muda chini ya macho ya Waingereza. Kundi la Wakuka, yaani Wanamdhari, wafuasi wa Ram Singh waliotaka kuirudisha dini ya Masingasinga katika usafi wake na waliochukia kuchinjwa ng'ombe, liliivamia Malerkotla tarehe 15. Walitafuta silaha na fedha, wakapigana na walinzi, wakashindwa, wakakimbilia ardhi ya Patiala na huko wakajisalimisha.

Kisha akaja L. Cowan, Naibu Kamishna wa wilaya ya Ludhiana. Malerkotla haikuwa Ludhiana. Ilikuwa milki ya pekee, na kisheria Cowan hakuwa na mamlaka ya kumnyonga hata mtu mmoja pale. Mkubwa wake, T. D. Forsyth, kamishna wa Ambala, alimwandikia asubiri. Cowan hakusubiri. Tarehe 17, bila kesi wala shahidi, aliwafunga Wakuka 49 kwenye midomo ya mizinga na kuwalipua, na wa 50 akakatwa kwa upanga baada ya kumrukia Cowan mwenyewe. Kesho yake Forsyth alifika. Badala ya kusimamisha, aliendesha kesi ya haraka na kuwalipua wengine 16. Ram Singh, ambaye hakuwapo kwenye uvamizi, alihamishiwa Rangoon nchini Burma na hakuiona Punjab tena. Serikali ya India ilimfukuza Cowan kazi na kumhamisha Forsyth, basi. Hakuna zaidi. Kwa maoni yangu adhabu hiyo haikufikia hata robo ya kosa. Uwanja wa mauaji hayo una mnara wa kumbukumbu, na kila Januari Wanamdhari hukusanyika hapo. Inafaa izingatiwe kwamba kumbukumbu hiyo chungu imewekwa katika mji ulioshambuliwa, na watu wa mji wanaitunza.

Karne ya 20 ilileta reli, na nawabu Ahmad Ali Khan, aliyetawala mpaka 1947, alianzisha kando ya reli mji wa soko uliochukua jina lake, Ahmedgarh. Ilileta pia malalamiko ya wakulima juu ya kodi na, katika miaka ya 1930, ugomvi mkali kati ya Waislamu na Wahindu juu ya saa za sala na ibada zilizogongana. Kwa hiyo mji ulioingia mwaka 1947 haukuwa mji usiojua chuki.

Na mwaka 1947 Punjab ilikatwa vipande viwili. Waislamu wa mashariki walikimbilia Pakistan, Wahindu na Masingasinga wa magharibi wakakimbilia India, na njiani wakauana kwa idadi ambayo hadi leo haijakubaliwa na wote, lakini ni mamia ya maelfu. Katika Patiala na Nabha, majirani wa Malerkotla, Waislamu walichinjwa vijiji kwa vijiji. Ndani ya mipaka ya Malerkotla hakukutokea mauaji. Wakimbizi Waislamu walimiminika humo kutoka kila upande, na inasimuliwa kwamba magenge yaliyowafukuza yalisimama kwenye mpaka wa milki.

Kwa nini? Wakazi wenyewe hutoa majibu mawili na huyashika yote pamoja. La kwanza ni baraka ya Guru na la pili ni ulinzi wa Haider Sheikh. Mimi naongeza mawili ya kidunia, wala siyaoni kama yanapingana na yale. Moja, milki ilikuwa na jeshi lake na nawabu aliyelitumia kulinda mipaka na kuwatuliza watu wa dini zote. Pili, mpaka wenyewe ulikuwa na maana kwa wavamizi. Mkulima Msingasinga aliyeua katika shamba la jirani alijua kwamba ng'ambo ya alama ile ni ardhi ya mtu aliyewatetea watoto wa Guru. Kumbukumbu ilifanya kazi kwa sababu ilikuwa na mstari wa kusimamia. Ushahidi ni mchungu: watu wa Malerkotla waliokutwa nje ya mpaka, safarini au kwa jamaa, hawakusalimika. Hii ndiyo sababu kubwa ya kuandika historia ya mji huu pamoja na historia ya utawala wake. Mwaka ule, mpaka wa kiutawala uliokoa roho za watu.

Baadaye wengi walihamia Pakistan kwa hiari, ila waliobaki walitosha kuufanya mji ubaki wa Waislamu wengi.

Milki yenyewe haikudumu. Mei 1948 watawala wa milki nane, Patiala, Jind, Nabha, Kapurthala, Faridkot, Malerkotla, Nalagarh na Kalsia, walitia saini hati ya kuungana kuwa jimbo moja lililojulikana kwa kifupi cha PEPSU, makao yake Patiala. Kiongozi wake wa heshima alikuwa maharaja wa Patiala, Yadavindra Singh. Nawabu Iftikhar Ali Khan, wa mwisho, akabaki na jina, kasri na pensheni. Tarehe 1 Novemba 1956 PEPSU ikamezwa na jimbo la Punjab. Miaka kumi kamili baadaye Punjab nayo ikagawanywa na Haryana ikazaliwa. Katika mabadiliko yote hayo Malerkotla iliteremka ngazi. Milki ikawa kipande cha jimbo, kisha tehsili, yaani tarafa ya ardhi na kodi, ndani ya wilaya ya Sangrur.

Msomaji wa Kenya au Tanzania ataelewa haraka uzito wa ngazi hizi, kwa kuwa Waingereza walileta kwetu mfumo wa ukoo mmoja. Naibu Kamishna wa Punjab ni ndugu wa yule DC tuliyemjua sisi, isipokuwa wa India alibaki na nguvu zake karibu zote baada ya uhuru. Ndiye mkuu wa mapato ya ardhi, ndiye hakimu mkuu wa kiutawala mwenye uwezo wa kupiga marufuku mikusanyiko, ndiye msimamizi wa uchaguzi, na karibu kila leseni nzito hupita mezani kwake. Chini yake kuna mkuu wa kila tarafa, kisha tehsildari, na chini kabisa patwari, karani anayeshika daftari la nani analima wapi. Mkulima hawezi kuuza shamba, kugawa urithi wala kuomba fidia ya mafuriko bila kupitia kwa karani huyo. Polisi wana mkuu wao wa wilaya. Hawa wote huteuliwa. Hakuna anayepigiwa kura.

Wanaopigiwa kura wako mstari wa pili. Mji una halmashauri yake, yenye madiwani wa kata na rais wanayemchagua miongoni mwao, inayoshughulikia taka, taa, mifereji, ramani za majengo na kodi ya nyumba. Vijiji vina panchayat na mwenyekiti wake, sarpanch. Mabadiliko ya katiba ya 73 na 74, yaliyoanza kutumika 1993, ndiyo yaliyoilazimisha karibu India nzima kufanya uchaguzi wa vyombo hivi kila baada ya miaka mitano na kutenga viti kwa wanawake na kwa matabaka yaliyodhulumiwa. Makaburi na misikiti mingi iliyo mali ya wakfu husimamiwa na bodi ya wakfu ya Punjab, si halmashauri. Barabara kuu na hospitali ni za serikali ya jimbo. Ndiyo maana bomba likipasuka mbele ya msikiti kando ya barabara kuu, kwanza watu hubishana ni la nani.

Kabla ya 2021, mtu wa Malerkotla aliyetaka kumwona Naibu Kamishna alisafiri hadi Sangrur, kilomita 35 hivi. Kwa tajiri si kitu. Kwa mjane anayefuatilia hati, kwenda leo, kuambiwa njoo kesho, ni vibarua viwili vimepotea. Mji wenyewe haukuwa kijiji: sensa ya 2011 ilihesabu watu 135,424, zaidi ya theluthi mbili Waislamu. Una wakulima wa mboga wanaolisha masoko ya Punjab, mafundi wa vipuri vya cherehani, na warsha za kudarizi beji na nembo za kijeshi zinazovaliwa na majeshi ya nchi nyingi. Madai ya wilaya yalitokana na kazi hizo na shida hizo.

Sasa lile swali la mpaka wa kidini. Wilaya iliyozinduliwa Juni 2021 ina tarafa tatu, Malerkotla, Ahmedgarh na Amargarh, pamoja na vijiji karibu 190. Vijiji hivyo kwa sehemu kubwa ni vya Masingasinga. Ukihesabu wilaya nzima, Masingasinga ndio wengi na Waislamu wanawafuata. Serikali iliyotaka kuchora wilaya ya Waislamu ingeuchukua mji na kuacha mashamba. Haikufanya hivyo. Hata uwanja wa maangamizi ya 1762 uko ndani ya wilaya hii. Wa kwanza kuteuliwa kuiongoza walikuwa wanawake wawili, Amrit Kaur Gill kama Naibu Kamishna na Kanwardeep Kaur kama mkuu wa polisi, wote wawili wenye majina ya Kisingasinga.

Siasa ilikuwepo, sikatai. Uchaguzi wa jimbo ulikuwa mwanzoni mwa 2022, mbunge wa Malerkotla, Razia Sultana, alikuwa waziri katika serikali ile ile, na siku ya Idi haikuchaguliwa kwa bahati. Tena Amarinder ni mtoto wa Yadavindra Singh, maharaja wa Patiala. Ukoo wake ulikuwa jirani na mshirika wa manawabu kwa vizazi. Alipotangaza wilaya alitaja pia chuo cha utabibu kitakachobeba jina la Sher Muhammad Khan. Hayo yote ni kweli, na bado shutuma ya ubaguzi haisimami mbele ya ramani. Kumpa mtu ofisi ya ardhi karibu na kwake si kumtenga na jirani yake, hasa jirani huyo anapopanga foleni kwenye ofisi hiyo hiyo. Kura za 2022, kwa taarifa yako, hazikukisaidia chama cha Congress, kilichokuwa madarakani wilaya ilipotangazwa: Malerkotla ilimchagua Mohammad Jamil ur Rehman wa chama cha Aam Aadmi.

Kilichobaki bila kunyooshwa ni ramani ya uchaguzi. Wilaya ina majimbo mawili ya bunge la Punjab, Malerkotla na Amargarh. Kwa bunge la Delhi, Malerkotla huhesabiwa pamoja na Sangrur, na Amargarh pamoja na Fatehgarh Sahib, eneo la Sirhind ya zamani, lenye jina la mmoja wa wale watoto wawili. Watu wa wilaya moja wana wabunge wawili wa taifa, na kila mmoja wao ana wapiga kura wengi zaidi nje ya wilaya hiyo kuliko ndani. Shida ya hati, polisi au shule hupelekwa Malerkotla. Shida inayohitaji sauti Delhi hupelekwa kwa mtu ambaye kwake wilaya hii ni pembe moja ya jimbo. Kuundwa kwa wilaya hakubadilishi majimbo ya uchaguzi, kwa kuwa hayo huchorwa na tume maalumu ya taifa. Mpaka tume hiyo ikae tena, hali itabaki hivyo.